MPAKA NI WA WANANCHI, SI WA WAKUBWA

Wako watu wanaodhani kwamba kuigawa nchi katika mikoa, wilaya, tarafa na kata ni kazi ya makarani na wapima ardhi tu. Kazi ya rula na wino, isiyomhusu mkulima wa Mlalo wala mama anayeuza kabichi pale Soni. Sisi tunasema hayo ni makosa makubwa. Mpaka ndio unaoamua nani atatoza ushuru wa mazao yako. Mpaka ndio unaoamua barabara ya kijiji chako itaingia katika hesabu ya nani, na shauri lako la shamba utalipeleka kwa nani. Mpaka ukiwekwa vibaya, mwananchi hulipa kila siku, kwa miguu yake na kwa mfuko wake.

Katika milima yetu ya Usambara jambo hili halikwishi kuzungumzwa. Kila uchaguzi unapokaribia husikika ahadi ileile: "Nichagueni, nami nitawaletea wilaya." Watu hupiga makofi. Hatuna ugomvi na makofi, lakini twauliza: wilaya ya nani, na ya kufanya kazi gani? Mtu anayeahidi mpaka mpya bila kusema utamfaa nini mwenye jembe huyo anatafuta cheo, na anataka sisi tumjengee ngazi ya kukipandia.

Vuga, Boma na Uhuru

Kuigawa nchi hakukuletwa na Mzungu. Kabla ya bendera yo yote ya kigeni kupandishwa, Vuga ilikuwa makao ya mfalme wa Shambaai. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki karibu na mwaka 1862, aliwaweka wanawe kuwa wakubwa wa sehemu mbalimbali, na Bumbuli ilikuwa makao ya mrithi wake. Kodi ilipanda kwenda Vuga. Na kutoka Vuga watu walitazamia kitu kimoja, nacho ni "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe na chakula kipatikane. Wazee walikuwa na neno pia kwa ubaya unaotokea watawala wawili wanaposhindana juu ya ardhi moja. Waliuita "nguvu kwa nguvu". Walisema hali hiyo ikitokea, nchi huharibika na njaa huingia.

Na kweli ilitokea. Baada ya Kimweri kufariki, Semboja wa Mazinde, aliyekaa kule nyikani penye njia ya misafara na kupata bunduki kwa biashara, alipigana na Vuga. Watu wengi waliuzwa utumwani katika fujo hiyo. Hatuutaji utawala ule ili kuusifu kupita kiasi. Wakilindi ndio waliotawala, na watu wa kawaida ndio waliolipa. Lakini jambo moja tulikumbuke: mtawala alijulikana, na kazi yake ilijulikana, na watu waliweza kumhukumu kwa kazi hiyo.

Wakaja Wajerumani. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mfalme wa Vuga. Boma lao wakaliweka Lushoto, wakaliita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao. Tulitazame jina hilo, ndugu wasomaji. Wilaya yenye watu wake, lugha yake na mila zake iliitwa kwa jina la mtu wa Berlin! Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba ya wageni yalihitaji vibarua. Mipaka ya utawala ule ilikuwa ya kuhesabu vichwa vya kutozwa kodi na mikono ya kufanyishwa kazi. Mwananchi hakuulizwa lo lote.

Waingereza walipoichukua nchi mwaka 1916, jina la Kaisari liliondoka lakini desturi ilibaki. Gavana Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliamini kwamba kila Mwafrika ana kabila, na kila kabila lina mkubwa wake. Kwa hiyo mwaka 1926 ikatungwa sheria ya kuwatawala watu kwa kupitia wakubwa wao, nchi ikapangwa katika majimbo, na Kinyashi akarudishwa kitini Vuga. Kwa macho mtu angedhani wenyeji wamerudishiwa nchi yao. Kwa kweli mfalme alifanywa tarishi wa Bwana Shauri.

Ubaya wa utaratibu huo ulidhihirika wazi katika mambo ya matuta. Kazi ilianza bonde la Mlalo mwaka 1946, ikaenezwa baadaye katika milima yote. Wananchi waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba yao kwa nguvu ya sheria, na wakubwa wa kienyeji wakatumwa kuwaadhibu waliokataa. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Mlima wetu unauhitaji hata leo. Ubaya ulikuwa kwamba amri ilishuka kutoka juu na sauti ya mkulima haikupata njia ya kupanda. Watu walikataa, na mpango ule ukafa kabla ya Uhuru. Hasira ya matuta iliwaingiza wengi katika TANU. Mpaka unaopitisha amri tu, bila kupitisha sauti, ni mnyororo.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na mwaka 1963 machifu wakaondolewa madaraka yao ya kiserikali. Majimbo ya mkoloni yakawa mikoa. Upare, uliokuwa katika Jimbo la Tanga, ukawekwa katika Mkoa wa Kilimanjaro. Siku hizi neno "jimbo" limebaki kuwa eneo la mbunge. Lakini tusijidanganye kwamba makosa yote yaliondoka na mkoloni. Mwaka 1972 serikali yetu wenyewe ilizifuta halmashauri za wilaya, ikaleta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, ila madaraka yale yaliwafikia maofisa, hayakuwafikia wananchi. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Miaka 12 ilipotea ili tujifunze kwamba kumpeleka ofisa karibu na watu si sawasawa na kuwapa watu madaraka.

Ngazi Mbili, Si Moja

Wanachama wetu wengi huchanganya wilaya na halmashauri, na anayechanganya hudanganywa kwa urahisi. Yafaa tulieleze jambo hili waziwazi.

Nchi yetu ina mikoa 31: 26 Tanzania Bara na 5 Zanzibar. Mpya kuliko yote ni Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Chini ya mkoa ipo wilaya, na chini ya wilaya ipo tarafa. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza, nayo ni ngazi ya Serikali Kuu. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Ofisa Tarafa ni mtumishi wa serikali. Hakuna hata mmoja kati yao anayepigiwa kura na wananchi.

Ngazi ya pili ni ya serikali za mitaa. Humo mna halmashauri, kata, kijiji na kitongoji. Diwani huchaguliwa na watu wa kata yake. Madiwani humchagua mwenyekiti wa halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa na wanakijiji. Lakini Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye ashikaye fedha na watumishi, naye huteuliwa na Rais. Mtu asiulize basi kwa nini diwani hupiga kelele barazani, na kesho yake mambo hubaki vilevile.

Katiba yetu, katika ibara ya 2, inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa kufuata utaratibu wa sheria. Katiba hiyo hiyo, katika ibara za 145 na 146, inasema serikali za mitaa ziwepo ili madaraka yawafikie wananchi. Vifungu hivi viwili vyapaswa kusomwa pamoja. Uwezo wa kugawa upo kwa ajili ya madaraka ya wananchi. Usipowafikisha huko, umepotea njia.

Utaratibu nao upo. Shauri la kugawa eneo huanza katika mkutano wa kijiji, hupita katika kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya na kamati ya ushauri ya mkoa, kisha hufika kwa waziri mwenye dhamana na kwa Rais. Ni ngazi ndefu yenye vidato vingi, na kidato cha kwanza ni cha kwetu. Je, ni mara ngapi mkutano wa kijiji huitwa ili watu wapokee tu habari ambayo imekwisha amuliwa kwingine?

Bumbuli Yatufundisha Nini

Mkoa wa Tanga una wilaya 8 lakini una halmashauri 11. Wilaya tatu zina halmashauri mbilimbili, nazo ni Handeni, Korogwe na Lushoto. Katika Handeni na Korogwe sababu yaonekana kwa macho: mji umetengwa na mashamba. Lushoto ni mambo mengine. Mwaka 2013 Halmashauri ya Bumbuli ilizaliwa kutoka Lushoto, na zote mbili ni za wakulima wa milimani. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha wilaya nzima ina watu 492,441. Kati ya hao, watu 160,005 walikuwa katika eneo la Bumbuli, na 332,436 katika eneo lililobaki kuwa la Halmashauri ya Lushoto. Soni ilikwenda Bumbuli, na hata Vuga yenyewe, kiti cha wafalme, leo iko Bumbuli.

Faida ilikuwapo, nasi hatutaificha. Watu wapatao nusu milioni katika nchi ya makorongo na kona ni mzigo mzito kwa halmashauri moja. Diwani wa Mgwashi hana tena haja ya kupanda mpaka Lushoto mjini ili kujadili daraja la kata yake. Bumbuli ina hesabu yake, ina baraza lake, na madiwani wake hukaa karibu zaidi na watu waliowatuma.

Lakini gharama nayo iwekwe mezani. Halmashauri mbili ni wakurugenzi wawili, wakuu wa idara mara mbili, majengo mara mbili, magari mara mbili. Mlima unaobeba mzigo huo ni uleule, na mkulima wa chai na mboga ni yuleyule. Na juu ya halmashauri hizo yuko Mkuu wa Wilaya mmoja, aliye Lushoto. Ikiwa wote hawa watashirikiana, ni vyema. Wasiposhirikiana, tutapata "nguvu kwa nguvu" ile wazee waliyoiogopa. Msitu haujui mpaka wa halmashauri, wala kijito hakijui. Mboga za Lushoto hupita Soni zikishuka kwenda Mombo. Mti ukikatwa huku, chemchemi hukauka kule. Mabaraza mawili yasiyokaa pamoja hata siku moja kwa mwaka ni hatari kwa mlima mmoja.

Tena, wilaya zetu zimesahau jambo ambalo wazee walilijua. Zamani Wasambaa wengi walijenga vijiji vyao karibu na ukingo wa mlima, ili mtu alime huku juu penye baridi na alime kule nyikani penye joto. Mwaka mazao yakikosa nyikani, mlima humwokoa. Yakikosa mlimani, nyika humwokoa. Leo nyika ya Mombo iko Wilaya ya Korogwe, na mlima ulio juu yake uko Wilaya ya Lushoto. Mwenye mashamba pande zote mbili ana serikali mbili za kuzisikiliza na vizuizi viwili vya ushuru vya kuvitazama. Hatusemi mpaka huo ufutwe. Twasema wakubwa wa pande mbili wamfikirie mtu huyo mmoja.

Na upande wa kaskazini je? Tarafa ya Umba, penye Mnazi, Lunguza na Mng'aro, ni nchi ya tambarare inayotazama Kenya. Boma lao liko juu ya mlima. Mtu wa Mnazi mwenye shauri la wilaya hana budi kupanda, na mvua ikinyesha barabara humkatalia. Mtu akituuliza ni nani mwenye haki ya kulalamika juu ya umbali katika wilaya hii, tutamwonyesha ndugu zetu wa Umba kwanza. Wao hawana kelele nyingi, lakini wana safari ndefu.

Jambo zito kuliko yote liko chini kabisa, katika kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo isimamiayo ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kwa hiyo kijiji kikigawanywa, ardhi nayo imegawanywa. Katika milima hii, ambako mtu humrithisha mwanawe kipande cha shamba kisichotosha kugeuza ng'ombe, mpaka wa kijiji ukisogezwa hatua kumi waweza kuwagombanisha ndugu kwa miaka kumi. Mpaka wa namna hiyo hauwezi kuchorwa ofisini. Sharti utembelewe kwa miguu, wazee wa pande mbili wakiwapo, wakionyesha mti, jiwe na kijito, na kila neno liandikwe.

Tuwatazame Jirani

Wenzetu wa Uganda walikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo wanazo zaidi ya 130. Vijiji vingi vya kule vimepata makao makuu karibu, lakini wilaya nyingi ni changa na maskini, na fedha inayopaswa kununua dawa huishia katika mishahara na magari. Kila wilaya ikikatwa, sehemu iliyoachwa husema: na sisi je?

Wenzetu wa Kenya walishika njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, ikatamka idadi hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Gavana wa kaunti hupigiwa kura, na Katiba inaagiza kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti hizo zina matatizo yake. Magavana wengine wameshtakiwa kwa kula fedha, na fedha za serikali kuu mara nyingi huchelewa. Hatusemi tuige kila kitu. Twasema kwamba Kenya imeuliza swali lililo sahihi. Haikuuliza tu maeneo yawe mangapi. Imeuliza kila eneo liwe na uwezo gani, na nani amwajibishe mkubwa wake. Sisi tunazo halmashauri 184, na bado mkurugenzi wa kila moja hujibu juu kabla ya kujibu chini.

Tunalolitaka

Basi msimamo wetu ni huu. Hatupingi wilaya mpya kwa kuwa ni mpya, wala hatuikubali kwa kuwa ni mpya. Twataka mambo matano.

Kwanza, kabla ya kukata eneo lo lote, wananchi wasomewe hesabu. Waambiwe ofisi mpya zitagharimu kiasi gani, fedha itatoka wapi, na ni zahanati ngapi au madaraja mangapi yangejengwa kwa fedha hiyo. Kisha wao waamue katika mkutano wa kijiji ulio wa kweli.

Pili, tarafa na kata zipewe kazi na watu. Mtu wa Mnazi au wa Milingano akiweza kumaliza shauri lake katika tarafa yake, nusu ya kilio cha wilaya mpya itanyamaza, na kwa gharama ndogo.

Tatu, halmashauri za Lushoto na Bumbuli zikae pamoja kila mwaka mbele ya wananchi, zijadili barabara, misitu, maji na ushuru, ambavyo vyote ni vya mlima mmoja. Korogwe nayo ialikwe, kwa ajili ya watu wa ukingoni.

Nne, madiwani wawe na sauti katika kuajiriwa na kuondolewa kwa mkurugenzi. Anayekusanya fedha ya wananchi amwogope mwananchi.

Tano, mpaka usichorwe kwa ukoo wala kwa kabila. Katika milima hii wamo Wasambaa, wamo Wapare, wamo Wambugu, na wamo wengine waliokuja kwa kazi wakaoa na kuzika hapa. Mkoloni ndiye aliyempa kila mtu kibanda cha kabila lake ili amtawale. Anayetaka wilaya ya ukoo wake anarudisha kazi ya mkoloni kwa mikono yetu.

Wajibu wetu wenyewe nao tusiukimbie. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanywa kila miezi mitatu. Ni wanachama wangapi huhudhuria? Ni wangapi husimama na kudai mapato na matumizi yasomwe? Mali bila daftari huisha bila habari, na kijiji kisichodai daftari kisilie kwamba wilaya iko mbali. Kila tawi lichukue jambo hili liwe somo. Wenye kusoma wawasomee wasiosoma. Vijana watembee mipaka ya kijiji pamoja na wazee wangali hai, waandike majina ya vijito na mawe. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mkubwa ye yote.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Boma jipya lenye rangi mpya na bendera mpya ni mlango tu. Siku mtu wa Umba atakaposikilizwa bila kupanda mlima, siku mkulima wa Bumbuli atakapoijua kila shilingi ya ushuru wake ilikokwenda, na siku kijiji kitakaposema "hapana" na neno lake likasimama, hapo ndipo tutakaposema nchi hii imegawanywa vizuri. Mpaka siku hiyo, kila atakayetuletea ahadi ya wilaya mpya tumwulize mkutanoni, mbele ya watu wote: "Utatupa madaraka gani?" Na asipojibu, asipewe kura.